Yaliyosemwa Macho Yamefumbwa

Doa jeusi la moto lilikuwa bado mbele ya nyumba ya mwalimu. Sajini Simel alichuchumaa, goti likamuuma, akachokoa majivu kwa kijiti. Mabaki ya godoro la majani, ukingo wa blanketi, kifungo cha foronya. Hapakuwa na jipya la kujua hapo. Waliochoma walipatikana jana yake, baba wawili wa watoto wa darasa la pili, wala hawakukana. Waliingia jioni ya Jumatano, mwalimu akiwa kanisani, wakavuta godoro kwa kamba wasije wakaligusa kwa mikono, wakalitia moto.

"Tuliogopa," walisema.

Alipowauliza ni nani aliyewatia hofu hiyo, kila mmoja alimtaja mke wake.

"Umelala wapi usiku?" Simel alimwuliza mwalimu.

"Juu ya madawati. Nimeunganisha mawili."

Tabitha binti Kaanaeli alisimama mlangoni, sweta lake limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa msichana aliyetoka chuo cha ualimu, na shule ya Mringaringa ilikuwa kituo chake cha kwanza. Ilikuwa Julai. Ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na darasani watoto wachache waliobaki walikuwa wakiimba hesabu ya kuzidisha kwa sauti nyembamba. Wengine wote walikuwa wamezuiwa nyumbani.

"Kamati ya shule inakaa kesho," Tabitha alisema. "Mzee Elieza, mwenyekiti, atakuja leo kuchukua ufunguo wa darasa. Anasema ni kwa muda tu. Sajini, umewahi kuona mwalimu aliyenyang'anywa ufunguo kwa muda tu?"

Simel alitupa kijiti. "Daktari si alikuambia unaweza kufundisha?"

"Aliniambia mimi. Kamati walipokwenda kumwuliza aliwafukuza. Alisema habari ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa." Aliyashika mashavu yake kwa viganja. "Zahanati nzima, aliyenyamaza ni yule mmoja ambaye ningependa aseme."

"Mpe ruhusa aseme."

"Nikimpa ruhusa nimekiri. Sasa hivi ni uvumi. Wako wasioamini. Mama yangu haamini."

"Na ukimshitaki aliyetoa siri?"

"Ndiyo ninayotaka kukuuliza. Itakuwaje?"

"Mashitaka yatapelekwa Boma, makao ya serikali, Arusha. Yatasomwa mbele ya watu, jina lako na ugonjwa wako. Aliyesema huenda akafukuzwa kazi."

Tabitha alitazama lile doa la moto. "Basi kunyamaza kunanifukuza, na kusema kunanivua nguo. Mtafute kwanza, Sajini. Nikimjua nitajua la kufanya."

Simel alitoa penseli. Alikuwa askari kanzu, asiyevaa sare, na koti lake la kiraia lilikuwa limelowa ukungu mabegani. "Nirudie maneno yao. Usipunguze, usiongeze."

"Wanasema mwalimu ana ukoma, baka liko begani, na atapelekwa kambi ya wakoma akafie huko."

"Lililo kweli?"

"Baka ni kweli. Ugonjwa ni kweli." Alilitamka hilo akiangalia pembeni. "Kambi si kweli. Siku ya kwanza daktari alisema nitapelekwa. Niliporudi, vipimo vikiwa tayari, alisema aina yangu haiambukizi. Nimeze vidonge, niendelee na kazi."

"Siku ya kwanza nani walikuwa chumbani?"

"Daktari, dresa Melkizedeki, yule mfunga vidonda, na nesi Marta. Marta ndiye aliyenishika mkono daktari akinichoma kwa pini kuona kama nahisi."

"Ulihisi?"

"Nilihisi mkono wa Marta tu," alisema Tabitha.

* * *

Simel alianza na dresa, kwa sababu moja: mmoja wa wachoma godoro alikuwa mwenzake wa mbege, pombe ya ndizi.

Melkizedeki alikuwa amekaa kwenye kasha nyuma ya zahanati, anakunja bandeji zilizofuliwa. Alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu, na harufu ya karafuu aliyotafuna ili kufunika harufu nyingine.

"Nimekuwa nikikungoja, Sajini," alisema. "Likipotea jambo katika zahanati hii, huanza kutafutwa mdomoni mwangu."

"Jumapili iliyopita ulikunywa na baba Anande."

"Nilikunywa. Mchungaji anajua, mke wangu anajua, sasa na serikali inajua."

"Mliongea nini?"

"Bei ya kahawa. Halafu tukaongea tena bei ya kahawa. Halafu akalia."

"Hukumtaja mwalimu?"

Melkizedeki aliweka bandeji chini. Mzaha ulimtoka usoni. "Sajini, nisikilize. Mimi nimefungua vidonda vya mlima huu wote. Najua nani ana nini, na walioniletea kaswende yao wananiamkia shikamoo kanisani kwa heshima kubwa. Ningekuwa mwenye kusema, kusingekuwa na ndoa iliyosimama hapa. Na tena, uvumi wenu unasema anapelekwa kambini, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi nilikuwepo siku ile ya pili. Nilimsikia daktari akisema haendi popote. Ningetoa siri, ningeitoa yote. Mlevi hasemi nusu."

Simel aliacha kuandika. "Siku ya pili, Marta alikuwa wapi?"

"Aliitwa kuzalisha huko juu msituni. Aliondoka alfajiri." Melkizedeki alitambua alichokisema, akaiokota bandeji upesi. "Lakini Marta si mtu wa umbea. Andika hilo. Mwandikie Marta hilo kwanza."

Nesi Marta alikuwa chumba cha pili, anachemsha sindano juu ya jiko la mafuta ya taa. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, umri wa kuwa dada mkubwa wa mwalimu. Upande ule wa mlima hapakuwa na mkunga mwingine aliyesomea. Simel alisimama karibu, mahali penye mwanga, amwone uso.

"Baka la mwalimu Tabitha uliliona?"

"Niliona."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Mumeo?"

"Mume wangu yuko Kikwe kwenye shamba la ndugu yake tangu kupanda. Sikumwambia mtu yeyote, Sajini. Nipe Biblia niape."

Simel hakuwa na Biblia. Alikuwa Mwarusha aliyekulia kwenye ng'ombe, na kanisani aliingia kwa misiba tu. Lakini watu waliosema uongo alikuwa amewaona wengi. Huangalia mlango, au huongeza maneno. Marta alimtazama usoni, koleo la sindano limetulia mkononi. Mtu anayesema uongo hashiki koleo juu ya maji yanayochemka namna ile. Na bado uvumi ulibeba maneno ya siku ya kwanza peke yake, na aliyekosekana siku ya pili alikuwa yeye.

"Wake za wale waliochoma nitawapata wapi leo?"

"Ijumaa?" Marta alisema bila kusita. "Wako kwa Mama Penina. Wanasaidiana kuanika kahawa, halafu wana maombi."

* * *

Njia ya kwa Mama Penina ilipanda kufuata mfereji. Simel alisukuma baiskeli, na kila jiwe lililoteleza lilimkumbusha goti. Mama Penina mwenyewe alikuwa ukingoni mwa mfereji anafua magunia. Alikuwa mama wa makamo, mpana, sauti ya kuimbisha kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ni askari wewe, hata ungevaa kanzu ya mchungaji." Tangu watu wa Ngare Nanyuki walipohamishwa kwa nguvu na serikali, askari hakupewa kiti kwa urahisi Umeruni. Lakini huyu alimtazama miguu. "Mbona unachechemea?"

"Kidogo tu."

"Si kidogo. Unakanyaga kama kuku aliyefungwa kamba."

Simel aliangalia nyuma. Walikuwa wawili peke yao. "Goti la kushoto, mama. Linajaa maji. Lakini tafadhali lisitoke hapa. Inspekta akijua atanifunga ofisini niwe wa kupokea simu."

"Mimi?" Mama Penina aligusa midomo yake. "Hapa pana kufuli, mwanangu. Karibu."

Wanawake walikuwa wamezunguka vichanja, wanachambua buni zenye dosari. Vidole vilienda mbio, na mazungumzo yalikatika mgeni alipotokea. Simel alijitaja jina, akauliza mmoja mmoja, waziwazi, hakutaka kuwatenga wakaogopa.

Nashilu, mke wa mchoma godoro wa kwanza, hakuinua macho. "Nilijua habari ya mwalimu, ndiyo. Nilimwambia mume wangu tuwazuie watoto."

"Nani alikuambia wewe?"

"Sikuambiwa na mtu."

"Uliota?"

Wengine walicheka kwa pua. Nashilu hakucheka. "Sikuambiwa na mtu, afande."

Mama Anande, mke wa mchoma godoro wa pili, alisema vivyo hivyo, maneno yale yale. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta alisema vivyo hivyo kabla hajaulizwa. Hapakuwa na aliyetazama mlango. Hapakuwa na aliyeongeza neno. Simel alifunga kijitabu. Kundi lililopanga uongo huwa na mmoja anayepanga vibaya, na hapa hakumwona.

"Basi niage," alisema.

"Huondoki bila chai wala bila maombi," alisema Mama Penina. "Wanawake, tusimame. Tufumbe macho."

Walisimama, mikono imefungana, macho yamefumbwa. Simel alivua kofia, macho yake yakabaki wazi kwa mazoea ya kazi. Mama Penina aliinua sauti.

"Bwana wetu, tunakuletea mgeni wetu Sajini Simel. Wewe unalijua goti lake la kushoto, Bwana, lile linalojaa maji. Likaushe. Na umpofushe Inspekta wake asilione goti hilo, asije akamfunga ofisini kupokea simu..."

"Ee Bwana," waliitikia wote.

Aliomba na mengine, mvua, na mtoto wa fulani mwenye surua, na mimba ya binti wa fulani iliyokaa vibaya, kila mmoja kwa jina lake na kiungo chake. Waliposema amina, Nashilu alimletea Simel kikombe cha chai.

"Pole na goti, afande," alisema kwa huruma ya kweli.

Simel alikipokea kikombe. "Nani amekuambia nina goti?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema Nashilu.

Vidole vya wanawake vilisimama juu ya kahawa.

Simel aliweka chai juu ya kichanja, polepole. "Mama Penina. Kufuli lako liko wapi?"

"Sikumwambia mtu!" Mama Penina alishangaa kweli. "Nimemwambia Mungu. Hapa kwetu hatumwombei mtu kwa mafumbo, baba. Mungu si mpiga ramli, umwachie abahatishe. Unamtaja mtu, unataja na kidonda chake. Na kilichosemwa kwenye maombi si umbea. Hatukipeleki nje."

"Kilitoka nje, mama. Mungu hakuchoma godoro."

Mama Penina alijishusha juu ya gunia la kahawa.

"Aliyemwombea mwalimu ni nani?"

Ukungu ulikuwa ukipita kati yao na vichanja. Halafu Nashilu akaanza kulia, akijifuta kwa kiganja chenye vumbi la kahawa.

"Aliomba vizuri sana," alisema. "Alilia, na sisi tukalia. Alimwomba Mungu mwalimu asipelekwe kambini. Nilirudi nyumbani nikiwaza mwanangu hukaa dawati la mbele. Afande, nilikuwa namwonea huruma huku namwogopa. Ni Marta."

* * *

Marta hakuwa na haja ya kuulizwa mara ya pili. Simel alipomaliza kumweleza habari ya goti, nesi alizima jiko, akakaa juu ya kitanda cha wagonjwa.

"Sikumwambia mtu," alisema, lakini safari hii alikuwa kama anayejaribu ufunguo katika mlango aliokwisha kuuona umevunjika.

"Najua."

"Alivaa sweta lake analia. Hakutoa sauti. Nilimwona daktari yuko shughulini na karatasi zake, na mimi nimemshika mkono. Nilitoka hapo siwezi kula. Nikaona mzigo huo nikiubeba peke yangu utaniangusha."

"Ulikuwa mzigo wake, nesi. Si wako wa kugawa."

"Atanishitaki?"

"Sijui."

"Mke wa Aminieli anajifungua wiki hii, na mtoto amekaa vibaya. Nikisimamishwa nani atapanda kule?" Alisimama, akafunga kanga juu ya gauni la kazi. "Nipeleke kwake. Nitamwambia mwenyewe."

Walishuka pamoja. Karibu na shule, Simel alimpa Marta ujumbe aliotumwa, kwamba Mama Penina na wenzake walikuwa tayari kuja wote, leo hii, kumwomba mwalimu msamaha.

Tabitha alisikiliza yote akiwa amesimama katikati ya darasa tupu. Marta aliposema jina lake mwenyewe, mwalimu alishika ukingo wa dawati.

"Wewe," alisema.

"Mimi, mdogo wangu."

"Nilikuwa nimeshamchagua Melkizedeki. Usiku kucha nilimchukia." Aliliachia dawati. "Ingekuwa rahisi angekuwa yeye."

"Akina mama wanataka kuja. Tuombe pamoja, tuyamalize."

"Kwa jina na kwa kidonda?"

Marta aliinamisha kichwa.

Nje kulisikika kikohozi. Mzee Elieza alikuwa uani, koti refu, kofia mkononi. Hakusogea mlangoni, alisimama ng'ambo ya lile doa la moto.

"Shikamoo, Mzee Elieza."

"Marahaba, mwanangu." Alimwona Simel, akamwamkia kwa kichwa. "Sikuja kwa ubaya. Nimekuja kwa ajili ya ufunguo. Wazazi hawalali. Ukae nyumbani kwa baba yako kwa muda, mambo yapoe. Na hilo la nani kasema nini, liache. Tukianza kushitakiana kwa sababu ya maombi, nani atathubutu kuomba?"

"Na mimi, Mzee, nani atathubutu kwenda kutibiwa?"

Mzee aligeuzageuza kofia. Hakuwa mtu mkatili. Ilionekana angependa kuwa mahali pengine. "Naomba ufunguo, mwanangu."

Tabitha aliingiza mkono mfukoni mwa sweta. Ufunguo ulilia ukigongana na kitu kingine, chupa ndogo ya vidonge. Aliuacha mkono humo mfukoni. Binti huyu alikuwa hajawahi kumkatalia mzee neno, na jambo hilo lilionekana mpaka mabegani mwake.

"Sajini," alisema mwishoni. "Una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika mashitaka."

"Mwalimu, ukianza hutarudi nyuma. Yatasomwa."

"Waliokwisha kujua wamejua vibaya. Wajue sawasawa." Akamgeukia mwenyekiti. Hakuwa na sauti kubwa, ila alitamka kama anayesoma imla kwa watoto. "Mimi, Tabitha binti Kaanaeli, mwalimu wa Mringaringa, nina ukoma. Aina yangu haiambukizi. Natumia dawa. Namruhusu daktari aje kesho kwenye kamati aseme yote anayoyajua juu yangu, na aulizwe. Mzee Elieza, ufunguo sitoi mpaka na yeye aseme."

Mzee Elieza aliirudisha kofia kichwani.

Penseli ya Simel ilikuwa ikikwaruza. "Aliyetoa siri. Niandike nani?"

Tabitha hakumtazama Marta. "Marta Anaeli. Muuguzi. Alikuwepo siku ya kwanza, akasema kwenye kikundi cha maombi cha Ijumaa."

Marta alitoa pumzi kana kwamba amepigwa.

"Andika na hili," Tabitha aliendelea. "Sitaki afukuzwe. Nataka afundishwe, yeye na wote wanaoshika wagonjwa mikono, kwamba mtu hatajwi bila kuulizwa, hata mbele ya Mungu. Na vidonge vyangu nitavichukua kwa Melkizedeki."

"Boma hawatakuuliza unataka afanywe nini," Simel alisema. "Wataamua wenyewe. Wanaweza kumfukuza."

"Najua."

"Nifute hiyo sehemu?"

"Usifute. Andika hivyohivyo."

Alipomaliza kuandika alimgeuzia karatasi. Herufi ya kwanza ya jina la Tabitha ilipinda. Aliishika penseli kwa mikono miwili, akaandika jina lote. Marta alikuwa amekwisha kutoka. Walimwona akipita karibu na Mzee Elieza bila kumwamkia, akashika njia ya juu, ile ya kwa Aminieli, mkoba wa uzazi begani, akitembea haraka kama mtu asiyejua ataruhusiwa kuubeba mpaka lini.